Pim

Kwa Kiestonia maziwa ni piim.
Herufi i ni mbili, zimesimama bega kwa bega
kama mikebe kwenye kizingiti cha zizi.
Jumatatu ile, vidole vimekufa ganzi,
theluji ya Põlva ikiyeyuka ndani ya viatu vyangu,
nilifunga kipimajoto kipya na kukiandikia anwani.
Nikaandika moja.

Hakuna aliyegutuka.
Seva tatu, huko Tartu, ghorofa ya chini,
zilipokea jina ambalo hazijawahi kulisikia
na hazikuuliza: wewe ni wa nani?
Zilijenga.
Kufumba na kufumbua, mada mpya: pim,
ina sakafu, ina rafu,
ina daftari lenye kurasa zilizokwisha kupewa namba.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Ila humo mwenyeji hakuwamo.

Usiku uleule mtambo wa kupoza wa Hilja Peetso ulikata roho.
Kipimajoto hakikulala. Kila dakika kilinena:
nyuzi nne.
Nyuzi nne.
Tano na nusu.
Saba.
Kumi na moja, tafadhali.
(Hiyo tafadhali nimeiongeza mimi.)
Na msikilizaji wa kengele, mwaminifu,
alikuwa ametega sikio kwenye piim,
chumba cha pili, ukuta kwa ukuta.
Akasikia ukimya, akauandika: shwari.

Asubuhi lita elfu tatu zilimwagwa mtaroni.
Urmas wa ushirika akapiga muhuri barua:
mkulima alizima kifaa, hakuna fidia.
Hilja akanipigia simu.
"Sikukizima. Taa yake ya kijani ilikonyeza usiku kucha."
Nikamjibu, kistaarabu kabisa,
kwamba taa si ushahidi.

Jumapili, zamu ya usiku, napitia orodha ya mada:
jaribio, jaribio2, jaribio_la_mwisho_kweli,
moja ya Kaarel, aliyeacha kazi tangu vuli,
ndani yake neno "halo" na basi,
nyingine tupu kabisa, iliyozaliwa
kwa sababu mtu aliwahi kwenda kusikiliza
pasipo na msemaji.
Chini yao, pim.

Nikaifungua. Jumbe elfu nane na ushei
zilikuwa zimejipanga, hakuna uliomruka mwenzake,
kama watu wa foleni walioambiwa
dirisha linafunguliwa sasa hivi.
Kumi na moja bado ilikuwa inangoja.

Na sheria ya nyumba hii ni siku saba.
Alfajiri ufagio ungepita
ukianzia kwa wakongwe, ukianzia usiku ule.
Nisingehitaji kufanya lolote. Hapo ndipo mwili ulinisisimka:
uongo wangu ungejikamilisha wenyewe
kama chumba kilivyojijenga chenyewe,
mimi nikinywa kahawa.

Nilikunywa kahawa.
Nusu saa nzima niliitazama saa ya ukutani.

Kisha nikazinakili zote.
Katika mipangilio kuna mstari mmoja:
mada zijiunde zenyewe, ndiyo.
Nikaandika hapana.
Siku hizi ukikosea jina unafokewa papo hapo:
hakuna kitu kama hicho hapa.
Wenzangu wananung'unika, wanasema nimewawekea bawabu.
Waache. Bora nifokewe
kuliko kukaribishwa kaburini kwa tabasamu.

Hilja alizisoma karatasi kwenye meza ya jikoni,
kidole kikishuka safu kwa safu,
nne, nne, tano na nusu,
kikasimama.
"Kumbe kilikuwa kinaita."
"Kilikuwa kinaita."
"Herufi moja?"
"Moja."
Nje ng'ombe mmoja alikohoa.
Hilja akatoa kalamu kwenye mfuko wa aproni,
akaipachika ile i juu ya karatasi, akaiwekea nukta bila haraka,
akanisogezea.
"Sasa tia jina lako, Leelo," akasema.
"Kwa e zote mbili."